Dawa ya gesi na ya kulainisha choo: Kinachogombana ni kile kisichosomwa kwenye pakiti

KUFUNGA choo na tumbo kujaa gesi ni matatizo yanayotembea pamoja. Kinyesi kinapokaa muda mrefu katika utumbo mpana, bakteria waliomo humo huendelea kukichachua na kuzalisha hewa, na hewa hiyo hukosa njia nyepesi ya kutokea. Ndiyo maana mtu anayekwenda duka la dawa kununua ya kulainisha choo mara nyingi huondoka na ya gesi pia, kisha akazimeza zote mbili kwa mkupuo mmoja na glasi moja ya maji.

Je, dawa hizo zinapatana zikikutana tumboni? Jibu hutegemea kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii, yaani orodha ya viambato iliyoandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa pakiti. Dawa halisi ya gesi, simethikoni, haina ugomvi unaojulikana na dawa za kulainisha choo. Matatizo huanza pale kidonge au maji yanayouzwa kwa jina la "dawa ya gesi" yanapokuwa na vitu vingine ndani yake, hasa vile vya kupunguza tindikali, bila mnunuzi kuwa na habari.

Simethikoni ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na chembe za silika. Gesi iliyomo tumboni haikai yote kama hewa ndani ya puto. Sehemu yake hunaswa katika mapovu madogo madogo yaliyochanganyika na ute na chakula, mfano wa povu la sabuni kwenye karai. Simethikoni hulegeza utando wa mapovu hayo, yakapasuka na kuungana kuwa makubwa, na hewa ikapata kutoka kwa kucheua au kwa njia ya chini. Kwa maneno mengine, dawa hii haizuii gesi isitengenezwe wala haiifuti. Huikusanya na kuifungulia mlango. Anayeimeza akitarajia tumbo litulie kimya mbele ya wageni anaweza kushangaa.

Jambo la msingi ni kwamba simethikoni haivuki ukuta wa utumbo kuingia katika damu. Hutoka na kinyesi kama ilivyoingia. Migongano mingi ya dawa hutokea katika ini, figo au damu, mahali ambapo dawa moja huzuia nyingine kuvunjwavunjwa au huongeza makali yake. Dawa isiyofika huko haina nafasi ya kugombana huko. Ndiyo maana mtu aliyemeza simethikoni peke yake pamoja na dawa ya kulainisha choo, iwe bisakodili, sanamaki, laktulosi au makrogoli, hana sababu ya kuingiwa na hofu.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unapatikana hospitalini. Mgonjwa anayetakiwa kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera hunyweshwa kwanza dawa kali ya kuendesha, mara nyingi lita kadhaa za maji yaliyochanganywa na makrogoli, ili utumbo usafishwe kabisa. Mapovu yanayobaki humzuia daktari kuona kuta za utumbo vizuri, na uvimbe mdogo unaweza kujificha nyuma yake. Mwaka 2019 chama cha Ulaya cha wataalamu wa uchunguzi huo, ESGE, kilipendekeza katika mwongozo wake kwamba simethikoni ya kunywa iongezwe kwenye maandalizi hayo. Madaktari, basi, huziunganisha dawa hizi mbili kwa makusudi, tena ile ya kuendesha ikiwa katika kipimo kikubwa kuliko kile ambacho mtu angekimeza nyumbani.

Hata hivyo, simethikoni tupu si ndiyo inayopatikana kila mara kwenye rafu. Bidhaa nyingi zinazoombwa kwa jina la dawa ya gesi ni mseto wa simethikoni na madini ya kupunguza tindikali: hidroksidi ya alumini, hidroksidi ya magnesiamu, magnesiamu trisiliketi au kaboneti ya kalsiamu. Nyingine hazina simethikoni kabisa. Unga wa Eno, kwa mfano, ambao ni maarufu katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, hufanya kazi kwa sodiamu baikaboneti na tindikali ya limau. Unga huo ukikutana na tindikali ya tumbo hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Mnywaji hucheua na kujiona amepata nafuu, ingawa sehemu ya hewa aliyoitoa ni ile aliyoinywa muda mfupi uliopita.

Mgongano unaojulikana zaidi kati ya makundi haya mawili unahusu bisakodili, dawa ambayo wengi huitambua kwa jina la kibiashara la Dulcolax. Kidonge chake kimefunikwa kwa ganda maalumu linalostahimili tindikali kali ya tumbo. Ganda hilo limetengenezwa makusudi lisiyeyuke hadi kidonge kitoke tumboni na kufika chini, katika utumbo, ambako tindikali imepungua. Huko ndiko bisakodili inakotakiwa kufanya kazi kwa kuisisimua misuli ya utumbo mpana isukume kinyesi.

Sasa mtu akimeza pamoja nacho dawa ya gesi yenye magnesiamu au alumini, tindikali ya tumbo hupungua kwa muda. Ganda halina macho. Likikuta tindikali imepungua, huyeyuka kana kwamba limekwisha kufika utumboni. Bisakodili humwagika tumboni kabla ya wakati na kuwasha kuta zake. Matokeo yake ni tumbo kusokota, kichefuchefu, kiungulia na wakati mwingine kutapika, huku sehemu ya kazi iliyokusudiwa ikipotea njiani. Mgonjwa anayepatwa na hali hiyo huwa mwepesi wa kuamini kwamba "gesi imepanda", akaongeza kipimo kingine cha dawa ile ile iliyomletea matatizo.

Maelekezo yanayoambatana na bisakodili yanakataza isimezwe ndani ya saa moja baada ya kunywa dawa ya kupunguza tindikali. Yanakataza vivyo hivyo kuhusu maziwa, jambo ambalo wapenzi wa chai ya maziwa hawana budi kulizingatia. Kidonge hicho pia hakitafunwi, hakisagwi wala hakikatwi katikati, kwa sababu ganda likishapasuka kinga yote imekwisha. Vidonge vya mafuta ya mnanaa ambavyo baadhi ya watu huvitumia kwa gesi na msokoto wa tumbo vina ganda la namna hiyo hiyo, na sharti lao halina tofauti.

Kosa jingine la kawaida ni la saa. Bisakodili ya kumeza huchukua kati ya saa 6 na 12 kabla ya kuleta matokeo, na kwa sababu hiyo watu hushauriwa kuimeza usiku ili waende haja asubuhi. Laktulosi huweza kuchukua siku moja hadi tatu. Mtu asiyejua hilo akimeza kidonge saa mbili asubuhi na kuona kimya hadi saa tano, humeza cha pili, kisha cha tatu, halafu huja kushikwa na tumbo la kuendesha akiwa ndani ya daladala.

Kuna duara jingine ambalo halina uhusiano na ganda la kidonge. Hidroksidi ya alumini na kaboneti ya kalsiamu, ambazo ni viungo vya kawaida katika mseto wa dawa za gesi na kiungulia, zina tabia ya kufunga choo. Kwa hiyo mtu mwenye choo kigumu aliyejaa gesi anaweza kununua dawa itakayozidisha ule ugumu ulioanzisha gesi yake. Choo kikizidi kufunga, hurudi dukani kuchukua ya kulainisha. Akipona kidogo, tumbo hujaa tena, naye huirudia ya gesi. Watu wa namna hii huweza kuzunguka kwa miezi, wakizilaumu dawa zote mbili kuwa ni bandia, ilhali kila moja inafanya kazi yake barabara.

Magnesiamu ina tabia ya kinyume: hulegeza choo. Watengenezaji huichanganya na alumini ili moja izuie madhara ya nyingine. Lakini magnesiamu hiyo hiyo ndiyo dawa yenyewe katika baadhi ya dawa za kulainisha choo, kama vile maziwa ya magnesia na chumvi ya haluli ambayo wazee wa pwani waliizoea. Anayetumia maziwa ya magnesia kwa ajili ya choo, na juu yake akanywa dawa ya gesi yenye magnesiamu, amekunywa kitu kimoja mara mbili kwa majina mawili. Kwa mtu mwenye figo nzima, kinachomsubiri kwa kawaida ni kuharisha na kupoteza maji. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, habari ni nyingine. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu ya ziada mwilini. Zikishindwa, madini hayo hulundikana katika damu na kuleta usingizi usio wa kawaida, misuli kulegea, shinikizo la damu kushuka na mapigo ya moyo kuvurugika. Vifo vimekwisha kutokea kwa njia hiyo. Wazee, ambao figo zao hupungua nguvu bila kelele, na ambao ndio wanunuzi wakubwa wa dawa za choo, wanastahili kuulizwa kuhusu figo kabla ya kuuziwa chupa.

Wakati mwingine dawa ya choo ndiyo inayoleta gesi. Laktulosi ni aina ya sukari ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuivunja. Hufika katika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wakaishambulia na kuichachua, na matokeo yake ni tindikali inayovuta maji na kulainisha choo, pamoja na hewa tele. Tumbo kuunguruma siku za mwanzo za laktulosi ni jambo linalotarajiwa na kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Ganda la ispaghula na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi vinavyoongezwa ghafla huleta matokeo yanayofanana na hayo. Kupunguza kipimo na kukipandisha polepole huwa na manufaa kuliko kuongeza dawa ya pili. Simethikoni inaruhusiwa hapa, ila isitegemewe sana, kwa kuwa haiwagusi bakteria wanaotengeneza hewa hiyo. Zile za kupunguza tindikali ndizo za kuepukwa: laktulosi huhitaji tindikali iongezeke ndani ya utumbo mpana ili ifanye kazi kikamilifu, na madini hayo yanaweza kuififisha.

Makaa ya dawa, yaani mkaa uliotengenezwa kitaalamu kwa ajili ya kunyonya sumu, nayo huuzwa katika vidonge kama tiba ya gesi. Sifa inayoyafanya yawe na thamani hospitalini, pale mtu anapokuwa amekunywa sumu, ndiyo inayoyafanya yawe ya kutazamwa kwa makini nyumbani. Makaa hayabagui. Hunasa dawa ya kulainisha choo, vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za moyo na nyingine nyingi, na kutoka nazo kabla hazijaingia mwilini. Nafasi ya angalau saa mbili kati ya makaa na dawa nyingine yoyote ndiyo inayoshauriwa. Zaidi ya hayo, makaa hufunga choo na kukifanya cheusi, rangi ambayo kwa mtu asiye na habari huweza kufichwa nyuma yake damu inayovuja tumboni.

Katika nchi za Afrika Mashariki, uzito wa jambo hili huonekana zaidi pale dawa ya tatu inapoingia. Tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoipendekeza dolutegraviri mwaka 2019 kuwa dawa ya kwanza kuchaguliwa katika kufubaza virusi vya Ukimwi, watu wengi wanaotumia ARV katika eneo hili wamehamishiwa kwenye kidonge chenye dawa hiyo pamoja na tenofoviri na lamivudini, kinachofahamika katika kliniki kwa kifupi cha TLD. Dolutegraviri hushikamana na magnesiamu na alumini ndani ya tumbo, na ikishashikamana haiingii mwilini inavyotakiwa. Katika jaribio lililofanywa kwa watu wenye afya, kuimeza pamoja na dawa ya kupunguza tindikali yenye madini hayo kulipunguza kiasi chake katika damu kwa takribani robo tatu.

Mtu anayekunywa TLD kila siku kwa uaminifu, na kila siku akafuatisha dawa ya gesi yenye magnesiamu, anaweza kujikuta virusi vinapanda bila kuruka hata kidonge kimoja. Maelekezo yanasema dolutegraviri imezwe saa mbili kabla, au saa sita baada, ya dawa za kupunguza tindikali zenye madini hayo, na kwa kadiri hiyo hiyo dawa za kulainisha choo zenye magnesiamu. Hapa makundi yote mawili, ya gesi na ya choo, yanaangukia katika katazo moja. Bisakodili, sanamaki, laktulosi na simethikoni tupu hazina magnesiamu wala alumini. Mgonjwa anayeona haya kulitaja jina la TLD mbele ya wateja wengine anaweza kuuliza tu kama dawa anayopewa ina moja ya madini hayo, jibu litamtosha.

Wajawazito nao wamo. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa kliniki hufunga choo, na mimba yenyewe hupunguza mwendo wa utumbo. Mjamzito akitafuta nafuu kwa dawa ya gesi yenye madini ya kupunguza tindikali, hupunguza kiasi cha chuma kinachoingia katika damu, na chuma hicho ndicho kinga yake dhidi ya upungufu wa damu wakati wa kujifungua. Kuviachanisha kwa saa mbili au zaidi husaidia. Kuhusu choo, maji, nyuzinyuzi na laktulosi ndivyo vinavyotangulizwa. Mafuta ya mbarika, ambayo bado hutumika katika baadhi ya familia, hayamfai mjamzito, kwa kuwa huweza kuamsha uchungu wa uzazi.

Orodha ya dawa zinazogongana na madini hayo haiishii hapo. Tetrasaikilini, doksisaikilini na siprofloksasini hushikwa kwa njia ile ile, na maambukizi yaliyokuwa yakitibiwa yakabaki. Levothairoksini, dawa ya wenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, ni miongoni mwa dawa chache ambazo maelekezo yake huitaja simethikoni kwa jina pamoja na dawa za kupunguza tindikali, na hutaka pawe na nafasi ya saa nne. Kwa upande wa dawa za choo zinazosisimua utumbo, kama bisakodili na sanamaki, hatari ya matumizi ya muda mrefu ni kupungua kwa potasiamu mwilini. Mtu anayetumia digoksini kwa ajili ya moyo, au furosemaidi ya kupunguza maji mwilini, anaweza kuvurugikiwa na mapigo ya moyo potasiamu ikishuka.

Sanamaki inahitaji neno la ziada. Majani yake yamejulikana katika mwambao kwa vizazi vingi kama dawa ya kuharisha, na mtu aliyekunywa maji yake alijua anachokitafuta. Leo majani hayo hayo yamo katika baadhi ya chai zinazotangazwa kupunguza unene au "kusafisha mwili". Mnywaji hupungua uzito wa maji na kinyesi, na mafuta yake hubaki palepale. Akiwa hajui kwamba anatumia dawa ya kuharisha, hatamwambia mfamasia anapokwenda kununua nyingine. Matumizi mabaya ya aina hii yalichangia uamuzi wa mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, uliotangazwa Agosti 2020, wa kupunguza ukubwa wa pakiti za dawa hizo zinazouzwa madukani bila usimamizi wa mfamasia.

Kwa watoto wachanga, simethikoni ya matone huhesabiwa kuwa salama, lakini majaribio ya kitabibu hayajaonyesha kwamba inatuliza msokoto wa tumbo kuliko dawa isiyo na kitu. Wazazi wanaoona nafuu huenda wanaona mtoto akikua tu, maana msokoto huo kwa kawaida hutoweka wenyewe katika miezi ya mwanzo. Bisakodili na sanamaki si dawa za kumpa mtoto mdogo kwa kukisia. Magadi, ambayo katika baadhi ya nyumba huyeyushwa na kunywewa kwa ajili ya gesi, ni chumvi kali za sodiamu zisizopimwa, na kwa mtoto au mtu mwenye shinikizo la damu ni afadhali yabaki kwenye chungu cha maharage.

Pamoja na hayo yote, si kila anayenunua dawa hizi anazihitaji. Kitaalamu, kwenda haja kubwa kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki huhesabiwa kuwa hali ya kawaida, mradi choo si kigumu na mtu hasumbuki. Imani kwamba utumbo usiofunguka kila alfajiri una sumu imewauzia watu dawa nyingi. Vivyo hivyo kwa gesi: mtu mwenye afya hutoa hewa mara kumi hadi ishirini kwa siku, na jirani yake hutoa vivyo hivyo hata kama hakubali.

Nchini Tanzania, dawa nyingi kati ya hizi hupatikana bila cheti cha daktari katika famasi na katika maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa lengo la kuwa na wauzaji waliopewa mafunzo. Muuzaji aliyefunzwa anaweza kumsomea mteja viambato, na mteja ana haki ya kuomba asomewe. Maswali yenye faida ni machache: ina simethikoni peke yake au ina magnesiamu na alumini, ya kulainisha choo ina ganda au haina, na je, inapatana na dawa ninayotumia kila siku? Mteja aliyekwisha kumeza bisakodili na dawa ya gesi yenye madini kwa pamoja, naye hana maumivu makali, kwa kawaida hana la kufanya zaidi ya kunywa maji, kutorudia kipimo, na safari ijayo kuacha nafasi. Akipatwa na athari zisizo za kawaida, taarifa zake zinaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), chombo ambacho hadi mwaka 2019 kilijulikana kama TFDA. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Famasi na Sumu.

Ziko hali ambazo hakuna dawa kati ya hizi inayofaa kuguswa. Maumivu yanayoanza karibu na kitovu na kuhamia upande wa kulia chini, yakiambatana na homa na kichefuchefu, yanaweza kuwa ya kidole tumbo, na dawa ya kuharisha huongeza hatari ya kidole hicho kupasuka. Mwanamke, hasa aliyepita miaka 50, ambaye tumbo lake hujaa karibu kila siku kwa wiki kadhaa anahitaji vipimo, kwa kuwa saratani ya mfuko wa mayai huanza kimyakimya kwa dalili kama hiyo. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, na mabadiliko ya ghafla ya mwendo wa choo kwa mtu wa makamo ni mambo ya daktari, si ya kaunta.

Hali ya haraka kuliko zote ni ya utumbo kuziba. Ngiri iliyonaswa na utumbo uliojisokota ni miongoni mwa sababu zake zinazoonekana katika hospitali za Afrika. Tumbo huvimba na kukaza kama ngoma, maumivu huja kwa mawimbi, mgonjwa hutapika, na hatoi choo wala hewa hata kidogo. Kwa macho ya familia, huyo ni mtu aliyefunga choo na kujaa gesi, na kishawishi cha kumpa dawa zote mbili kwa pamoja huwa kikubwa. Dawa ya kuendesha hapo huusukuma utumbo dhidi ya kizuizi kisichosogea, na utumbo unaweza kupasuka. Mgonjwa wa aina hiyo hatakiwi kupewa kitu chochote mdomoni. Hupelekwa hospitali usiku huo huo, ambako kwanza huwekewa maji kwa mshipa na mpira wa kupitia puani ili kutoa hewa na majimaji yaliyojaa tumboni, wakati madaktari wakiamua kama atafanyiwa upasuaji.